UZI: Mercedes SL ya R107 (1971–1989), gari la wazi lililogoma kufa wakati wenzake wanazikwa

Shaba Nyekundu (mwenye uzi)

Wakuu, kila ikifunguliwa mada ya Mercedes za zamani humu, wote tunakimbilia zile mbili: 300 SL ya milango ya mabawa ya 1954, na 230 SL ya 1963 yenye paa lililobonyea katikati, ile waliyoibatiza Pagoda. Sibishi, ni magari mazuri. Leo naomba nimtetee mdogo wao, ambaye wengi wanamwona mzito, mvivu, gari la wastaafu na wake za madaktari wa California. Ni SL ambayo kiwandani iliitwa kwa jina la R107, iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1971 hadi 1989.

Kwa urembo, Pagoda inashinda. Kwa mbio, 300 SL inashinda na chenji inabaki. Ila ukiniuliza ni ipi iliyobeba mzigo wa gari la wazi la kifahari wakati karibu kila mtu ameshautua, nitakujibu R107 na sitapepesa macho. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Tuanzie Marekani, maana ndiko kesi yote ilikoanzia. Mwaka 1966, baada ya kelele nyingi kuhusu vifo vya barabarani, serikali yao ilipitisha sheria ya viwango vya usalama wa magari. Tangu hapo masharti yakawa yanamiminika: mikanda, usukani usiomchoma dereva kifuani, dashibodi isiyopasua kichwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 60, tetesi iliyowanyima watengenezaji usingizi ilikuwa ya kupinduka. Serikali ilitaka gari likipinduka, waliomo ndani watoke wazima. Gari la paa la chuma linaweza kujitetea. La turubai je?

Wengi wakaanza kujihami. Porsche walikuwa wameshaonyesha 911 Targa mwaka 1965, yenye upinde mpana wa chuma nyuma ya viti, na 911 iliyo wazi kabisa ikaja kupatikana miaka ya 80. Triumph TR7 ilizinduliwa 1975 ikiwa na paa la chuma tu. Jaguar walipoifunga E-Type mwaka 1974, mrithi wake XJ-S alikuja mwaka uliofuata bila toleo la wazi, na la wazi kamili likasubiriwa mpaka 1988. Detroit ndio waliofunga pazia kwa mbwembwe: Aprili 1976 Cadillac walitoa Eldorado ya wazi iliyotangazwa kuwa ndiyo ya mwisho kutengenezwa Marekani, na watu wakazigombania kwenda kuziweka akiba.

Sasa jiweke kwenye meza ya bodi ya Daimler-Benz, kampuni inayounda Mercedes, mwaka 1968. Soko kubwa la SL ni huko huko Marekani. Una gari jipya kwenye makaratasi, na hujui kama likifika bandarini miaka mitatu baadaye litaruhusiwa kusajiliwa. Kuna waliosema tuweke paa la Targa, tulale salama. Aliyeng'ang'ania gari la wazi kweli kweli ni Hans Scherenberg, mjumbe wa bodi aliyesimamia uhandisi na maendeleo ya magari. Juni 1968 hoja yake ikapita: SL itabaki na turubai la kukunja, na paa gumu la kuvua na kuvaa kwa anayelitaka.

Kushinda kikaoni ni jambo moja, kulitengeneza ni jingine, na hapa ndipo ninapoipendea hii gari. Tafuta picha ya R107 iliyofunguliwa, usiangalie boneti wala rimu, angalia fremu ya kioo cha mbele. Zile nguzo mbili zimelala nyuma, nyembamba kiasi cha kutokuziba macho ya dereva, lakini ndani yake kuna chuma cha ziada, na kioo chenyewe kimegundishwa kwenye fremu badala ya kushikiliwa na mpira tu kama ilivyokuwa kawaida. Kwa hiyo kioo nacho kinabeba mzigo. Nguvu ya nguzo hizo ikapanda kwa asilimia 50 kuliko za Pagoda. Hakuna upinde wala bomba nyuma ya viti. Ukipinduka, tegemeo lako kubwa ni hiyo fremu.

Yaliyobaki nayo yamefikiriwa hivyo hivyo. Tangi la mafuta limesogezwa kutoka mkiani na kuwekwa juu ya ekseli ya nyuma, ili anayekugonga kwa nyuma asikuchome moto. Usukani una mikono minne na kitovu kipana kilichofunikwa laini. Taa za nyuma zina mifereji mifereji: tope hujaa kwenye migongo ya juu, na mabonde yanabaki safi ili taa iendelee kuonekana. Mifereji hiyo mkaiona baadaye kwenye Mercedes nyingi tulizokua nazo mitaani, lakini gari la kwanza kutoka nayo ni 350 SL ya Aprili 1971.

Naendelea na injini baadaye, wacha kwanza niwasikie.

Mama Kokoto

Mleta mada umeandika vizuri lakini umetuacha njiani. Hiyo sheria ya kupinduka iliishia wapi? Ilikuja au walitishwa na kivuli?

Shaba Nyekundu

Dada, swali zuri. Haikuja. Chrysler na wenzao waliipeleka serikali mahakamani, na Desemba 1972 mahakama ya rufaa ikasema Bunge lilipotunga sheria ya usalama halikukusudia kufuta aina nzima ya magari, kwa hiyo magari ya wazi lazima yatazamwe kivyake. Yaani R107 ina mwaka na nusu barabarani, ndipo ikajulikana kwamba ruksa ipo.

Lakini tusiwaonee Wamarekani. Waliacha si kwa kuogopa sheria peke yake. Wateja walikuwa wameshaanza kuyakimbia magari ya wazi. Kiyoyozi kilikuwa kimeenea, barabara kuu zimekuwa za mwendo mkali, na nani anataka upepo wa kilomita 110 kwa saa masikioni safari nzima? Mauzo yalikuwa yanashuka kila mwaka. Sheria iliwapa sababu ya kufanya walichokuwa wanakitaka tayari.

Hata Mercedes wenyewe walipunguza. Walikuwa na gari jingine la wazi la watu wanne, zuri kupita maelezo, 280 SE 3.5 Cabriolet. Waliunda 1,232 tu na mwaka 1971 wakalizika bila mrithi. Toka hapo mpaka Kabrioleti (toleo la wazi) ya W124 ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 90, ukitoa G-Wagen la turubai, gari la wazi la Mercedes lilikuwa SL peke yake. Miaka zaidi ya kumi na minane zamu ya mtu mmoja!

NyundoKubwa

Mkuu Shaba, heshima yako, ila leo umekuja kutuuzia trekta. R107 ina zaidi ya tani moja na nusu. Pagoda ilikuwa na milango, boneti na kifuniko cha buti vya alumini, ikawa chini ya tani 1.3. Mwaka 1963, miezi michache tu tangu izinduliwe kwenye maonyesho ya Geneva, Eugen Böhringer aliichukua 230 SL nyekundu akaenda nayo Spa–Sofia–Liège, mbio za kupita Yugoslavia na Bulgaria usiku na mchana, na akashinda. Gari la wazi la kifahari, la mtu kwenda nalo kanisani Jumapili, limewapiga wanaume wa rally. R107 yako ilishinda nini?

Na usalama unaousifia ulianzia kwa Pagoda. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes, ndiye aliyekuja na ile fikra ya chumba kigumu cha abiria katikati, mbele na nyuma paachwe pabonyee. Pagoda ndiyo gari la kwanza la michezo kujengwa hivyo. Mdogo mtu karithi tu.

Shaba Nyekundu

Nyundo, kwa Barényi na Böhringer sina la kupinga, yote ni kweli. Hata ule ubonyevu wa paa la Pagoda ni fikra ya Barényi: shiti nyembamba ikikunjwa hivyo inapata ugumu bila uzito, na madirisha ya pembeni yanapata kimo. Bracq aliyelichora akaligeuza kuwa urembo.

Ila angalia hesabu. Pagoda zote, 230, 250 na 280, ni 48,912 kwa miaka minane. R107 ni 237,287. Ile 300 SL Roadster ya 1957 hadi 1963, mnayoiweka kwenye skrini za simu, ni 1,858. Gari la wazi la bei ya nyumba lilikuwa kitu cha wachache wa wachache, na R107 ikaligeuza kuwa kitu cha kila siku kwa tabaka zima la watu wenye uwezo. Daktari anakwenda nalo kazini mvua ikinyesha, kiyoyozi kinafanya kazi, buti linabeba mabegi mawili, na jioni anafungua paa. Uzito unaoudharau ndio uliolipa hayo.

Na ile ekseli ya nyuma ya Pagoda, ile ya kuyumba, dereva wa kawaida akiachia mafuta katikati ya kona kali inaweza kumgeuka. R107 ilichukua mfumo wa nyuma wa sedani za W114 na W115, na ubishi huo ukaisha.

Msafiri254

Wazee, mwaulizana R107 ilishinda nini na mwaka 1979 tulikuwa nayo hapa Nairobi? Sawa, si yenyewe, ni ndugu yake wa paa la chuma, SLC. Mercedes walichukua SL, wakairefusha katikati kwa sentimita 36, wakaweka viti vya nyuma na paa. Mbele yote, kuanzia boneti hadi dashibodi, ni SL.

Mercedes na Safari Rally, mbio zetu za Kenya, ni marafiki wa zamani. Bill Fritschy alishinda na 219 mwaka 1959 na 1960, kisha John Manussis akashinda na 220 SE mwaka 1961. Baadaye Wajapani na Wafaransa wakatawala. Mwaka 1979 Mercedes wakarudi na 450 SLC 5.0, chini ya Erich Waxenberger, mhandisi wao wa mashindano. V8 ya lita tano, bloku ya alumini, na sikilizeni hii: gia otomatiki! Watu wakacheka. Hannu Mikkola akamaliza wa pili, nyuma ya Shekhar Mehta na Datsun yake.

Mwisho wa mwaka huo huo wakaenda rally ya Bandama kule Ivory Coast, wakachukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mikkola wa kwanza. Björn Waldegård aliyemaliza wa pili ndiye aliyeibuka bingwa wa dunia wa madereva mwaka ule, wa kwanza tangu taji hilo lianzishwe, kwa pointi moja mbele ya Mikkola. Mwaka 1980 Waldegård akashinda Bandama yenyewe.

Kwa hivyo NyundoKubwa, trekta limeshinda.

NyundoKubwa

Hahaha, nimekusoma 254. Lakini hiyo ni SLC. Bado nangoja SL.

Msafiri254

Ilikuwa karibu. Walimsajili Walter Röhrl, bingwa wa dunia wa 1980, aje aendeshe 500 SL msimu wa 1981. SL yenyewe, fupi, na paa lake gumu limevalishwa. Magari yakaandaliwa, yakajaribiwa. Halafu wakubwa wa Mercedes kule Stuttgart wakafunga mpango mzima kabla ya msimu kuanza. Röhrl akabaki bila gari la kueleweka mwaka mzima.

Bwana Plagi

Nimeweka kambi hapa. Ila kwa Wabongo wenzangu, mbona sijawahi kuliona hili gari? Wabenzi wa enzi zile wote walikuwa na sedani nyeusi.

Shaba Nyekundu

Plagi, gari la viti viwili halina kazi kwa mheshimiwa. Dereva akae wapi, mheshimiwa akae wapi, na faili likae wapi? Sedani ya W123 au S-Class ilikuwa na jibu la maswali yote matatu. SL zilikwenda Marekani kwa sehemu kubwa, na zilizobaki zikagawanywa kati ya Ujerumani, Uingereza na kwingineko.

Na hapo Marekani ndipo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa kinafanana na mambo yetu ya kuagiza magari. Naenda taratibu.

R107 ilipoanza ilikuwa na V8 ya lita 3.5, nguvu za farasi 200. Wamarekani wakapewa ya lita 4.5, maana masharti yao ya moshi yalikuwa yanaibana injini, ikabidi iongezwe ukubwa ili isipoteze nguvu. Mwaka wa kwanza wakaiuza bado ina nembo ya 350 nyuma! Ukikuta 350 SL ya Marekani ya wakati huo, ndani kuna 4.5. Kisha yakaja mabampa. Kuanzia magari ya 1974 sheria yao ilitaka bampa lihimili kugongwa kwa maili tano kwa saa bila gari kudhurika, mbele na nyuma. Mercedes wakafunga mabampa yaliyochomoza kama meza ya kahawa. Na taa za mbele, badala ya kioo kimoja kipana cha Ulaya, zikawa duara mbili mbili. Gari lile lile, sura mbili.

Mgogoro wa mafuta wa 1973 nao ukaingia. Mercedes wakaongeza 280 SL ya silinda sita, isiyokunywa kama kaka zake, lakini hawakuifunga laini. Kufika 1980 Ulaya inapata 500 SL yenye farasi 240, na Mmarekani anapewa 380 SL iliyokabwa koo hadi farasi 155. Bei juu, nguvu chini. Mtu ana pesa, anasoma magazeti, anajua Frankfurt kuna 500 SL inamsubiri. Afanye nini?

Akaagiza mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya 80 dola ilikuwa na nguvu, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, Mark, iko chini, na likazuka soko zima la pembeni. Mawakala wadogo walinunua 500 SL Ulaya, wakazipakia melini, zikifika zinapelekwa gereji kufungwa vichujio vya moshi, taa za Kimarekani na vyuma vya milangoni ili zipite ukaguzi. Baadhi ya gereji zilifanya kazi safi. Nyingine zilifanya madudu, zikaacha nyaya zinaning'inia, na ukaguzi ukapita kwa ujanja. Hata hivyo gari lilitoka bei nafuu kuliko 380 ya dukani.

Mercedes ya Marekani iliumia. Walifanya mambo mawili. La kwanza, mwaka 1985 wakatambulisha 560 SL, injini ya lita 5.5, ambayo haikuuzwa Ulaya kabisa. Ilikuwa ya Marekani, Japani na Australia. Zilitoka 49,347. Kichekesho ni kwamba pamoja na ukubwa wote huo, kwa nguvu bado ilikuwa nyuma kidogo ya 500 SL ya Ulaya, shauri la vichujio. La pili, wakashirikiana na wengine kuisukuma serikali, na mwaka 1988 Bunge likapitisha sheria iliyobana uagizaji huo. Leo Mmarekani akitaka gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao, inabidi kwa kawaida lifikishe miaka 25 kwanza. Kwao gari likizeeka ndiyo mlango unafunguliwa. Kwetu likizeeka ushuru wa uchakavu unapanda, na kwa majirani wa Kenya likizidi miaka minane halipiti kabisa.

Mama Kokoto

Kumbe na wao walikuwa na mambo ya "nimeagiza, liko njiani". Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Fundi wa Mtaa wa Pili

Salaam wakuu. Nilishinda gereji moja Sharjah miaka kadhaa kabla ya kurudi Tanga, na hizi zilikuwa zinaletwa, nyingi za soko la Marekani. Naongea kwa mikono yangu.

Watu wanasema R107 haiozi wala haifi. Injini, kweli, inachelewa kufa ukibadilisha oili kwa wakati. Isipokuwa moja: 380 SL za Marekani za 1981 hadi 1983. Zilifungwa cheni ya taimingi ya safu moja badala ya mbili. Ile cheni inarefuka, siku inaruka au inakatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo injini umeshaizika. Kuanzia 1984 walirudi kwenye cheni ya safu mbili. Nyingi za zile za mwanzo zilishabadilishwa, lakini muulize muuzaji karatasi. Hana karatasi, fungua kifuniko cha valvu uangalie kwa macho. Ni boliti chache tu.

Kutu ndiyo adui mwenyewe. Na si ile unayoiona kwenye fenda. Fungua boneti, nenda nyuma kabisa chini ya kioo, chini ya ile grili ya kuingizia hewa. Pale pana kisanduku chenye feni ya hita, na kuna matundu ya kutoa maji. Gari likilala chini ya mti, majani yanaziba matundu, maji yanasimama, chuma kinaliwa kutoka ndani. Juu rangi inang'aa, chini pamekuwa ungo. Ndiyo maana mimi naenda na jagi. Nawaomba wenye gari ruhusa, namwaga maji taratibu kwenye msingi wa kioo, halafu nainama ndani, naweka kiganja chini ya kapeti la miguuni. Kiganja kikitoka kimelowa, shusha bei sana au ondoka. Kulitibu hilo ni kung'oa dashibodi nzima, na dashibodi ya hii gari ikitoka, bila fundi mvumilivu hairudi ilivyokuwa.

La pili ni fremu ndogo ya mbele, karibu na boksi la stelingi. Inapasuka. Lala chini na tochi, safisha grisi kwa kitambaa, tafuta mstari mwembamba.

La tatu ni paa. Lile paa gumu ni zito, linataka watu wawili na wote wawe makini, la sivyo mtakwaruza kifuniko cha nyuma. Sasa wengi walikuwa wanaliacha juu miaka nenda miaka rudi. Siku unalinunua, ukilivua na kuinua kile kifuniko cha chuma, unalikuta turubai limekunjwa humo tangu lini sijui: limesinyaa, lina ukungu, dirisha la plastiki limepasuka kwenye mikunjo. Usinunue mpaka ulione turubai limefungwa mpaka mbele kwenye fremu ya kioo na limefika.

Bwana Plagi

Fundi, hiyo ya jagi nimeiandika pembeni. Na mfumo wa mafuta je? Nasikia ni pasua kichwa.

Fundi wa Mtaa wa Pili

Za mwanzo zina mfumo wa umeme wa Bosch, D-Jetronic. Kuanzia katikati ya miaka ya 70 ikaja K-Jetronic, ambayo inategemea upimaji wa hewa: sahani inainuliwa na hewa inayoingia, sahani inasukuma pini, pini inaruhusu mafuta kwenda kwa nozeli zote bila kukatika. Mfumo mzuri, haupendi uchafu tu. Gari likikaa mwaka na mafuta yale yale, pini inagoma. Halafu anakuja mtu anakwambia injini imekufa. Haijakufa, badilisha filta, safisha tangi, pima presha kabla hujagusa kitu kingine. Ukianza kukaza skrubu hovyo ndiyo utaiua.

NyundoKubwa

Haya, nimelainika kidogo. Mwisho wake ulikuwaje? Lilikufa kwa sababu gani baada ya kugoma miaka yote?

Shaba Nyekundu

Lilipitwa. Machi 1989 Geneva walionyesha mrithi, R129 ya mbunifu wao Bruno Sacco. Tazama walivyolijibu swali lile lile la kupinduka: nyuma ya viti kuna upinde wa chuma umelala, haumsumbui mtu, na vihisio vikiona gari linapinduka, upinde unasimama wenyewe kwa sehemu ya kama theluthi moja ya sekunde. Turubai linajikunja kwa kubonyeza swichi. Ukilinganisha na R107, ambapo mmiliki anashuka mwenyewe kupambana na vyuma vya turubai, lilikuwa la kizazi kingine.

R107 ya mwisho ilitoka Agosti 1989, 500 SL. Miaka 18. Kwa magari ya Mercedes ya abiria, ni G-Wagen tu lililodumu kwa muda mrefu zaidi kwenye muundo mmoja. Ilianza kabla ya mgogoro wa kwanza wa mafuta, ikaupita na wa pili, ikaingia ABS (breki zisizofunga magurudumu) mwaka 1980, na mfuko wa hewa kwa dereva ukafuata baada ya muda mfupi, vyote kwenye bodi ile ile ya mwaka 1971.

Kitu kimoja nitakachowakubalia wapinzani wangu: kufika 1989 lilikuwa limechoka. 560 SL ya mwisho ilikuwa inauzwa kwa bei kubwa sana kwa gari ambalo mlango wake ulichorwa miaka ya 60. Lakini walinunua hadi mwisho, na sioni kama walidanganywa. Mtu aliyetaka gari la wazi lililoundwa vile, la kudumu vile, mwaka 1979 au 1981, angekwenda wapi? Rolls-Royce Corniche ilikuwepo, kwa bei ya kutisha. Chini yake kulikuwa na Alfa na Fiat za vijana, na Golf Kabrioleti ya Karmann ya 1979 ambayo nayo ilikuwa na upinde katikati. Kati ya hapo ni karibu jangwa, na SL katikati yake.

Bwana Plagi

Sawa. Niambieni sasa, nikipata hela ya kweli, si ya ndoto, ninunue ipi? 280, 450, 500, 560?

Fundi wa Mtaa wa Pili

Kwa mtu atakayeliendesha Tanzania: tafuta la Uingereza, usukani kulia, 300 SL ya R107 (si ile ya mabawa ya 1954), silinda sita, kuanzia marekebisho ya 1985. Kinga ya kutu iliboreshwa, breki nzuri, injini ni M103 ile ile iliyomo kwenye W124 nyingi, kwa hiyo vipuri na mafundi wake hutawakosa. 450 tamu lakini inakunywa, utakuwa unakwenda sheli kila siku. 560 haikutengenezwa usukani kulia kwa Uingereza, na lile bampa la Marekani mimi silipendi.

Shaba Nyekundu

Namuunga mkono Fundi kwa akili. Kwa moyo, 500 SL ya Ulaya, bampa fupi, taa za kioo kipana. Zilitoka 11,812 tu, na wenye nazo wanajua walichonacho, kwa hiyo bei hazishuki.

NyundoKubwa

Mimi bado Pagoda. Ila nimeenda kuangalia ile fremu ya kioo kwenye picha kama ulivyosema, na kweli ina mambo. Msafiri254, tupia picha za SLC ya Safari kama unazo.

Msafiri254

Naziscan kesho, ziko kwa albamu ya mzee. Ngoja tu asilale nayo.